Mkono wa Mwanamke Mwingine

Nywele za binti yangu zilikuwa zimesukwa vizuri. Hilo ndilo lililonichoma kwanza, kabla hata furaha haijafika. Nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la shule, katika nchi nisikomjua mtu, nikamwona akitoka na wenzake: amerefuka, mkoba mgongoni, mistari ya kichwani imenyooka kama imepigwa rula. Mimi ni msusi. Mtu namsoma kichwa kabla ya uso. Kile kichwa kilisukwa na mkono wenye subira, usiovuta nywele za kando, mkono uliomweka mtoto katikati ya magoti na kumsimulia hadithi hadi akasinzia. Haukuwa mkono wangu.

Kisha mwenye mkono akatokea. Mwanamke mfupi, mnene kiasi, gauni lina unga kifuani. Binti yangu akamkimbilia.

"Mama!" akaita.

Na mimi, mjinga, nikaitika. Lori lilikuwa linapita, hakuna aliyenisikia.

Alikuwa na miaka minne baba yake alipomchukua. Siku hiyo nilikuwa saluni, vidole vimezama kwenye kichwa cha mteja, mume wangu akapita mlangoni amembeba begani. "Tunakwenda kununua viatu," alisema. Mtoto akanipungia mkono. Niliporudi nyumbani kabati lilikuwa wazi, vinguo vyake havipo, na simu ya baba yake haipatikani. Nikakimbilia kwa mama mkwe. Alinipa kiti, akanitazama kama mtu aliyekuja kulilia mali ya jirani.

"Mtoto yuko na baba yake," akasema. "Sasa unalia nini, kwani kuna msiba?"

Polisi nao waliimba wimbo huohuo: baba hamwibi mwanawe. Nilizunguka ofisi hadi soli za viatu zikaniaga. Aliyenifungulia njia ni wifi yangu, dada wa mume, tulipokutana sokoni. Alijifanya anachagua vitunguu huku ananitajia nchi, mji na shule. "Mimi sijakwambia kitu," akanong'ona. "Lakini na mimi ni mzazi."

Ndivyo nilivyovuka mpaka. Nikapata kazi ya kusuka katika saluni ya watu, na wakili mmoja, mwanamke mkavu kama ubao, akakubali kuisimamia kesi yangu. Sharti lake lilikuwa moja. "Usimguse mtoto. Ukimshika mkono kabla mahakama haijasema, mwizi utakuwa wewe."

Basi nikawa natazama. Kila nilipopata mwanya nilitoka saluni na kwenda kusimama palepale, kitambaa nimekishusha hadi kwenye nyusi. Nilimwona yule mwanamke akimfunga kamba za viatu. Nilimwona akimpangusa kamasi kwa ncha ya gauni lake, bila kinyaa, huku anaongea na muuza magazeti. Wivu ulinishika kama njaa. Wala si wivu wa mume. Huyo ningemwachia yule mwanamke pamoja na nguo zake, tena nimezipiga pasi. Nilimwonea wivu wa kamasi. Kuna wiki mtoto hakuonekana shuleni, nikajua anaumwa, na nikamwonea wivu hata wa ile homa: kwamba kuna mtu analowesha kitambaa, anakikamua, anakiweka kwenye paji la uso wa mwanangu, na mtu huyo si mimi.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Waliosema hivyo hawakuwahi kumwona yule mwanamke akiwahi lango la shule, anahema, anaogopa kuchelewa. Nilimwomba Mungu yule mwanamke ampige mtoto kibao mbele yangu, mara moja tu, nipate cha kumchukia. Hakumpiga.

Wito wa mahakama ulipomfikia, mume wangu akafanya alichokizoea: akatoweka. Safari hii hakubeba mtoto. Alimwacha pale, mikononi mwa mwanamke ambaye naye sasa hakuwa na mume. Amri ikatoka. Nikaenda na wakili pamoja na askari wa kike hadi kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la mikate.

Alifungua mwenyewe. Akanitazama usoni, akageuka kumtazama mtoto aliyekuwa mezani, akanitazama tena.

"Baba yake aliniambia umefariki," akasema. "Mtoto akikuulizia, nilikuwa namwambia uko mbinguni."

"Nilikuwa ng'ambo ya barabara," nikasema.

Mtoto alishuka kitini, akajificha nyuma yake na kulikamata gauni lake kwa ngumi. Askari alipomnyooshea mkono, akapiga ukelele uliowatoa majirani nje. Wakili wangu alikuwa na karatasi yenye mhuri. Mhuri ule uliweza kufungua mlango. Vidole vya mtoto haukuweza. Na mimi niliyejua namna ya kumtuliza mtoto wa kila mteja nilisimama katikati ya kile chumba, sijui nifanye nini na mikono yangu.

Kulikuwa na neno moja tu lililobaki.

"Nisaidie," nikamwambia.

Akachuchumaa taratibu. "Ulikuwa ukimwitaje, alipokuwa mdogo?"

"Kijiko," nikasema. "Alikuwa halali bila kijiko mkononi."

Yule mwanamke akafumba macho kidogo. Kisha akamgeukia mtoto. "Umesikia? Jina hilo uliniambia wewe, lakini mimi nilipotaka kukuita hivyo ulikataa. Ukasema jina hilo lina mwenyewe. Sasa si huyu hapa?"

Mtoto akatoa jicho moja nyuma ya gauni. Alinikagua muda mrefu. Sikuthubutu kusogea. Ngumi ikalegea, kidole kimoja, halafu kingine.

Yule mwanamke alifungasha nguo mwenyewe, anakunja moja moja, ananielekeza bila kuniangalia: sweta hili linamwasha, chai yake isiwe moto sana.

"Na radi anaiogopa," akasema.

"Najua," nikajibu.

Sikujua. Alipokuwa wangu hakuwa anaogopa radi.

Pale mlangoni nikamwomba namba yake ya simu. Wakili alinitazama kana kwamba nimepagawa. Labda nilikuwa nimepagawa kweli; mpaka leo sijui nani aliyenifungua kinywa.

Sasa binti yangu amenipita urefu. Kila Jumapili, tukishatoa vyombo mezani, anachukua simu, anampigia yule mwanamke, na kwenda kukaa kizingitini. Huwa naosha vyombo polepole siku hiyo. Namsikia anasimulia mambo ya shule ambayo mimi hajanigusia, kisha anacheka kicheko fulani, cha chini, cha mtu aliyejiegemeza. Jumapili iliyopita alinigeukia, simu bado iko sikioni.

"Mama, anakusalimu. Nimwambie nini?"

Nikaisuuza sahani, nikaiinamisha ichuje maji.

"Mwambie tumeshakula," nikasema. "Mwambie umekula vizuri."