Mguu wa Mjomba

Sina subira na wagonjwa waongo, na kazi yangu ya tiba ya viungo imejaa waongo. Mtu anaambiwa asukume kwa kifundo cha mguu, yeye anasukuma kwa paja, kwa kiuno, hata kwa meno. Ndiyo maana ninapopima, mkono mmoja unakishikilia kipimo cha nguvu kwenye unyayo kisirudi nyuma, na kidole cha mkono wa pili kinakaa nyuma ya kisigino, juu ya ile kano nene. Kano ikikaza, mtu anasukuma kweli. Ikilegea, ananichezea.

Mjomba hakuwahi kunichezea. Ni kaka yake mama, fundi cherehani, na ndiye aliyenishonea sare zangu zote za shule na hili koti jeupe ninalovaa kazini. Homa ya virusi iliyotuangusha nyumba nzima iliniachia mimi kikohozi tu, yeye ikamwachia mguu wa kulia usioweza kukanyaga pedali. Bila pedali hakuna cherehani, na bila cherehani mjomba ni mzee tu aliyekaa dirishani akihesabiwa dawa.

"Nirudishie mguu, mama," aliniambia. "Mengine nitashona mwenyewe."

Basi kila wiki akawa analala kwenye kitanda changu cha mazoezi, ananyoosha mguu, ninampima. Mwanzoni tarakimu zilipanda, tukafurahi. Kisha zikaanza kushuka.

"Sukuma, mjomba!"

"Si nasukuma!"

Na kweli alisukuma. Kano ilikaza kama waya chini ya kidole changu, mishipa ya shingo ikamtoka, lakini kipimo kikasoma chini kuliko wiki iliyopita. Wakati mwingine kiganja changu kilirudi nyuma pamoja na kipimo, nikakilaumu kitanda, maana magurudumu yake hayafungi vizuri. Nikaweka tofali. Tarakimu zikaendelea kushuka.

Nilimwongezea mazoezi. Nikamgombeza. Mkewe akaniambia kwamba siku hizi anakanyaga hewa hata usingizini. Nilikuwa naogopa, kwa sababu nimeona virusi vikiondoka na kuacha misuli ikiyeyuka, na sina dawa ya kuizuia. Siku nilipomwambia afikirie kumwachia mwanawe cherehani, alijibu, "Sawa, mama," kwa upole ulioniuma kuliko tusi.

Nikashindwa kuvumilia. Nikamwita mwenzangu wa chumba cha pili, mwanamke tunayemwita Komando kwa sababu wagonjwa wake hutoka wakichechemea zaidi kuliko walivyoingia. Akampima mjomba. Akatazama kioo cha kipimo, akapima tena, kisha akapima mguu wa kushoto.

"Huu mguu una shida gani?"

"Unazidi kudhoofika," nikasema.

"Huu? Mzee huyu akinipiga teke mtaniokota nje. Miguu yote miwili iko sawasawa."

Mjomba akacheka hadi kitanda kikatikisika. Nami nikacheka, nikataka hata kumkumbatia, lakini Komando hakucheka. Alininyooshea viganja vyake.

"Hebu nisukume."

Nikamsukuma. Hakutikisika.

"Sukuma, dada, acha mchezo."

"Si nasukuma!"

Akanishika bega, akaupapasa mkono wangu wa kulia hadi kiganjani, polepole. Kicheko cha mjomba kikakatika.

Hapo nikakumbuka mifuniko ya chupa ambayo siku hizi nampa mume wangu anifungulie, huku nikiwatukana watu wa kiwandani kwamba wanabana mno. Nyani haoni kundule. Muda wote huo nilikuwa nikiusaka ugonjwa kwenye mguu wa mjomba, nao umekaa kwenye mkono wangu mwenyewe, uliokuwa ukishindwa kukizuia kipimo.

Komando akatoka kwenda kumtafuta daktari. Nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa, mikono mapajani, nikaiangalia. Sikujua la kuifanya. Nilidhani mjomba atavaa viatu akimbilie cherehani yake, na nisingemlaumu. Badala yake akajilaza tena, akanyoosha mguu.

"Huyo Komando wako anapima ovyo," akasema. "Nipime wewe."

"Mjomba, umepona."

"Nipime, mama."

Nikaweka kipimo kwenye unyayo, na kidole nyuma ya kisigino, kama kawaida. Akakunja uso, akauma meno, akaguna kama mtu anayesukuma gari bovu mlimani. Kipimo kikasoma kidogo sana, na mkono wangu haukurudi nyuma hata kidogo.

"Umeona?" akasema akihema. "Mguu bado mbovu. Mkono wako hauna neno."

Chini ya kidole changu kano ilikuwa imelegea kabisa.

"Nimeona, mjomba," nikamwambia. "Basi utakuja tena wiki ijayo." Na kidole sikukiondoa.