Aliyeshuka Shimoni

Chomba alisema ni jina moja tu. Eti jina moja litolewe, jingine liwekwe, na wimbo ubaki ulivyo. Aliyasema hayo akiwa ameketi kwenye kiti cha Mwape, ndani ya nyumba ya Mwape pale Kampemba, amefunga vifungo vya abakosti, ile suti ya chama, hadi kooni. Na ni huyu huyu aliyekuwa akimbebea padri chetezo kila Jumapili, kabla chama hakijamfanya mkubwa wa mtaa.

Wageni wa chama wangefika Jumamosi. Wake za wafanyakazi wa mgodi wangewachezea uwanjani, na wimbo uliotakiwa ulikuwa wa Mwape.

Mwape hakuzaliwa mtunzi. Alikuwa mtu wa kuitikia, wa safu ya nyuma, anayeomba radhi hata akikanyagwa yeye. Kisha udongo wa mgodi ukamfunika mumewe, Kalaba. Wakuu wa mgodi wakabaki kuulizana nani atoe amri ya kufukua, naye akakaa langoni akisali mpaka maneno yakaja yenyewe: "Yesu, ulishuka mu shimo." Wanawake waliokaa naye wakaitikia: "Ukamushika mukono." Kalaba alitolewa hai, mguu umevunjika. Tangu hapo kwaya ilimweka Mwape mbele, na sauti ile ya kuomba radhi ikawa ndiyo inayoitwa kwenye kila matanga na kila kitanda cha mgonjwa. Kalaba peke yake hakuuimba wimbo ule. Ukianza tu, alitoka nje.

Sasa walitaka penye Yesu paimbwe Guide, yaani rais, mkuu wa chama. Hasira ilimpanda Mwape hadi masikio yakawaka moto. Huyo Guide alishuka lini? Siku watu wanafukua udongo kwa mikono, yeye alikuwa picha ukutani ofisini, amepanguswa vumbi vizuri.

"Citoyenne, bwana yako anakulaka mukate ya nani?" Chomba aliuliza taratibu, akimwita mwananchi kwa Kifaransa cha chama. "Na hii nyumba, iko ya nani?"

Kalaba, ambaye kampuni ilikuwa imempa kazi ya kulinda geti, aliangalia mguu wake tu. Hilo nalo lilimuudhi Mwape.

Jumamosi ngoma zilipigwa. Wanawake walikuwa wamevalishwa vitenge vipya vya chama, na Mwape alisimamishwa mbele ya kipaza sauti. Waliosema baadaye kwamba hakuogopa ni waongo. Ngoma zikafika pale pa kuanzia, zikapita, zikarudi tena.

"Miye siimbe," alisema. "Mwenye alishuka mu shimo, namujua jina."

Chomba alimpokonya kipaza sauti, akaanzisha mwenyewe, na jina jipya akaliweka mahali pake. Sauti yake nzuri ya kanisani ilikuwa bado ipo, jambo la kusikitisha kweli. Alianza, akangoja. Akaanza tena. Wanawake wote walimtazama midomo imefungwa, na wageni wakaanza kukagua viatu vyao.

Wiki haikuisha, Kalaba akafukuzwa kazi na nyumba akapewa mtu mwingine. Mtu aliyevunjika mguu akichimba shaba yao! Wala hakuna aliyekuwa na haya ya kuja kumwambia uso kwa uso, walituma mlinzi mwenzake.

Walipakia godoro na sufuria kwenye mkokoteni. Kalaba alisukuma akichechemea, kupita milango ya majirani waliotoka kuangalia. Mwape alimfuata nyuma, na ujasiri wote wa Jumamosi ulikuwa umekwisha. Alijua lawama ya mumewe inakuja, akajiambia kwamba anaistahili.

Kwenye kona ya kuelekea Bel-Air Kalaba alisimamisha mkokoteni. Hakugeuka. Akakohoa, halafu kwa sauti ya kukwaruza, isiyojua hata wimbo unapanda wapi, akaanza:

"Yesu, ulishuka mu shimo."

Mwape alifungua kinywa aitikie, kikatoka kilio. Ikabidi wale wanawake waliosimama milangoni wamwitikie, mlango kwa mlango, mpaka mwisho wa barabara:

"Ukamushika mukono."