Nukta ya Mwalimu

Fundi wa mtandao aliitwa mbiombio saa nne asubuhi. Mwalimu, mzee mstaafu aliyepotewa na kumbukumbu, alikuwa ametoweka tena wodini. Bangili aliyovishwa ilituma mawimbi kwa ruta za waifai zilizofungwa darini, na nukta yake kwenye skrini ilidai yuko chumba cha kufulia. Wauguzi walipekua mpaka chini ya mashuka, wapi! Saa nzima baadaye alipatikana ghorofa ya juu yake, kwenye ngazi, amekaa peku akitetemeka kwa baridi.

"Mtambo wako muongo, dada," muuguzi mkuu alimwambia, macho yamemwiva. "Nami nilimwahidi binti yake kwamba baba yuko salama."

Ramani ya nguvu za mawimbi, ambayo mtambo huitumia kukisia bangili iko wapi, fundi aliipima mwenyewe, jengo halijafunguliwa, vyumba vikiwa vitupu. Hapakuwa na vitanda vya chuma wala watu, na mwili wa mtu nao humeza mawimbi. Aliona haya.

Kesho yake akarudi na kifaa cha vipimo, akaomba ruhusa ambayo muuguzi hakuitarajia: atembee na Mwalimu mwenyewe, bangili mkononi, kila chumba, kila kipandio cha ngazi.

"Tunaenda wapi, mwanangu?" Mwalimu aliuliza.

"Tunapima jengo, baba."

"Vizuri. Tusiruke mahali."

Aliuliza hivyo labda mara hamsini, akajibiwa mara hamsini. Kila baada ya hatua mbili walisimama, fundi akaandika. Penye lifti namba zilirukaruka kama zimepandwa na wazimu, maana chuma kiliyarudisha mawimbi. Hapo wakapima mara tano. Siku ya tatu fundi alikuwa hoi, Mwalimu ndiye akimhimiza. Jioni hiyo vipimo vipya vikaingizwa mtamboni.

Wiki iliyofuata Mwalimu akatoweka. Nukta ikasimama kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu. Muuguzi mkuu akapanda moja kwa moja, akamkuta hapohapo.

Akampigia fundi simu. "Nimempata, dada! Siku ile nilikufokea. Nisamehe."

"Hata mimi ningefoka."

Fundi akakaa juu ya sanduku lake la vifaa, machozi yakamtoka kidogo. Kisha akainuka, akachukua kifaa cha vipimo, akaenda wodi ya jengo la jirani, ambako ramani ilikuwa bado ile ya zamani.