Diski ya Fidla ya Baba

Odette Charlebois aliwadharau watu wanaotengeneza kompyuta kwa kubahatisha, na mdogo wake Normand ndiye aliyekuwa mfalme wao.

Jumamosi ile alipofika kwa Normand mjini Sudbury, alimkuta ameketi sakafuni katika chumba cha chini, kompyuta iko wazi mbele yake. Tangu mfumo ujisasishe, diski ya zamani haikuonekana tena. Humo mlikuwa na fidla ya marehemu baba yao, nyimbo zote alizopiga mwaka wake wa mwisho. Normand ndiye aliyezirekodi, na hakuwa na nakala nyingine.

"Nimebadilisha waya, nimeipuliza vumbi, nikaiweka kwenye friza kidogo."

"Kwenye friza."

"Mtandaoni ndivyo walivyosema, dada."

"Wakikwambia uimeze, utaomba na maji?"

Odette aliisikiliza diski. Ilizunguka vizuri bila kugongagonga, haikuwa imekufa. Kompyuta iliona diski mbili tu: A, yenye mfumo, na B, mpya na tupu, aliyoinunua Normand ili ahamishie nyimbo. Kosa lilikuwa katika kiini kipya cha mfumo, ile programu ya ndani inayoongoza vifaa vyote. Draiva yake, yaani sehemu inayozungumza na vifaa, haikuelewana tena na kadi kuukuu iliyoishika diski ya baba. Akaizima mashine, akaiwasha kwa kiini cha zamani, na diski ikarudi.

"Kumbe ni hivyo tu?"

"Kwa mwenye akili, ni hivyo tu. Sasa ifomati ile tupu, halafu unakili. Hilo hata wewe utaliweza."

Akapanda jikoni kujipashia pai ya nyama. Kukaa na Normand kulimchosha.

"Dada," sauti ikapanda kutoka chini, "tupu ni B, sivyo? Au niangalie tena?"

"B. Nimeisoma mbele yako. Hata herufi zinakushinda?"

"Inauliza kama nina hakika."

"Inawauliza watu kama wewe. Ijibu ndiyo."

Akamsikia akibonyeza. Alikuwa ameshika kisu juu ya pai alipokumbuka kwamba herufi zile si majina ya diski. Ni viti tu, na anayetangulia kuonekana ndiye anayekaa. Diski ya baba ilipokuwa haionekani, ile mpya ilikalia kiti cha B. Sasa mwenye kiti alikuwa amerudi.

Alishuka ngazi polepole. Kukimbia hakungesaidia kitu. Kwenye skrini, diski mpya ilikuwa C, haijaguswa. B ilikuwa imekwisha kufomatiwa, nyeupe pe.

"Nimeandika ulivyosema," Normand alisema. "Sawa?"

Zipo programu za kuokota mabaki, na huenda zingeambulia wimbo mmoja au miwili. Hayo angemweleza baadaye. Alimtazama usoni akitafuta dharau aliyostahili kurudishiwa, asiione. Mdogo wake alikuwa anangoja kusifiwa.

"Usiguse kitu tena," Odette alisema. "Nyimbo zimefutika, Normand. Si wewe uliyezifuta. Ni mimi."