Fundi Aliyepimwa Mpaka Akaonekana Ndani

Hebu niambie, mtu aliyebana pini midomoni kutwa nzima, utamuuliza jambo akujibu? Ndivyo alivyokuwa mke wa kinyozi. Chumba chao cha kazi na cha kulala kilikuwa kimoja: dirishani cherehani ya mke, mlangoni kiti cha mume cha kunyolea, kile cha ngozi nyekundu kinachozunguka, na ukikanyaga chuma chake kinapanda. Mke akishona alibana pini kwa midomo, akizichomoa moja moja. Wateja wakamzoea hivyo. Ukimuuliza gauni litakuwa tayari lini, kinyozi ndiye anayejibu, mashine yake ikinguruma kichwani mwa mtu: "Njoo kesho, dada." Na hajui hata sindano inashikwa upande gani.

Ugonjwa ulipomwingia mke, mambo yakaenda hivyo hivyo. Alianza kuchoka akiwa amekaa, kisha mkono wa kushoto ukawa unakufa ganzi, kisha chakula kikawa hakishuki. Hospitalini daktari akamtazama kinyozi.

"Mama anaumwa wapi?"

"Tumbo," kinyozi akasema. "Anapenda mno chai."

Tumbo likapimwa, halikuwa na kitu. Baada ya kipimo hicho vidole vya mke vikaanza kupitisha mwanga, kama glasi iliyooshwa vibaya. Nesi alifurahi, maana mshipa aliuona mara moja.

Kikafuata kipimo cha damu, kikafuata cha moyo, na kingine ambacho jina lake daktari mwenyewe alilisoma polepole. Kila kimoja kiliondoka na rangi ya mke kidogo. Ili kuvilipia, nyumbani ikaondoka redio, likaondoka kabati la nguo na hanga zake. Siku wanunuzi walipokuja kuichukua cherehani, mke alikuwa amelala chali, na kupitia kifuani mwake ungeweza kuyaona maua ya godoro.

"Kwa sasa si huna nguvu za kushona," kinyozi akamwambia. "Kiti ndicho kinachotuweka mjini, mama watoto."

Kiti hicho kilikaliwa zaidi na rafiki zake wa kubishania mpira kuliko na watu wa kunyolewa. Kodi ya chumba ilitoka kwenye cherehani, tangu watoto wakiwa wadogo. Mke akatikisa kichwa. Kinyozi akawaambia wabebaji kwamba amekubali.

Basi wakalipia picha kubwa, ile ya kuingizwa kwenye mashine kama mkate kwenye tanuri. Ikatoka safi. Daktari akaibandika kwenye taa yake, akaisifu. Wifi wa mgonjwa, dada yake kinyozi, alisogea karibu.

"Mbona huu ni ukuta?"

Ulikuwa ukuta kweli, ule wa nyuma ya mashine, na msumari wake.

"Hauna tatizo lolote," daktari akasema. "Hilo ni la kushukuru. Malipo ni pale dirishani."

Wakaulipia ukuta.

Kufikia hapo mgonjwa alikuwa kioo kitupu, na ugonjwa wenyewe ukawa unaonekana. Ulikaa chini ya ubavu wa kushoto, kitu cha kijivu mfano wa kifundo cha uzi, kinajikaza, kinalegea. Jirani muuza mkaa aliuona akiwa amesimama mlangoni tu. Waliokuja kunyolewa waliuona kwenye kioo kilicho mbele yao.

"Shemeji, leo kimesogea," mmoja alimwambia, kidevu kimejaa povu. "Jana kilikuwa chini zaidi."

Wakamrudisha hospitali. Wifi akanyoosha kidole.

"Daktari, si kile pale?"

Daktari akavaa miwani, akakiangalia. Hakukataa. "Kinaonekana," akasema. "Ila macho si kipimo, bibie. Nikiandika kwamba nimekiona kwa macho, wenzangu watasema sikusoma." Akashauri picha nyingine, kwenye mashine mpya zaidi, katika mji mwingine. Kisha akamgeukia kinyozi, kama kawaida. "Mama anaonaje?"

"Hana neno," kinyozi akasema. "Tutauza..." Akafikiri. Ndani kulibaki vitu viwili tu. "Tutauza kitanda."

Daktari alishaanza kuandika, na hakuacha. Hicho kiti, nikwambie, kipo mpaka leo, kimevalishwa ngozi mpya.

Lakini mke hakuwa na pini mdomoni siku hiyo; pini zilikwenda na cherehani. Wote mle chumbani wakayaona maneno yakipanda ndani yake, yakakipita kile kifundo bila kukigusa, yakafika kooni, yakasimama kidogo hapo kama mtu anayepiga hodi.

"Baba watoto," akasema, "mimi nilitaka uuze kiti."