Mafuta ya Kipima Mvua

Godlisten wa ofisi ya mradi alifika kwangu Mgeta saa nne asubuhi, viatu vimejaa tope, na kabla hajanyoosha mgongo alishatoa karatasi. Mtu akitanguliza karatasi mbele ya habari, mimi hujiuliza anaficha nini.

"Shikamoo, mzee Dominiko."

"Marahaba. Karatasi ya nini?"

"Ya kupokea mafuta tu, mzee."

Akanionyesha kichupa kama cha dawa ya sindano. Mafuta yaliyomo hayajazi hata kijiko cha chai. Alisema hayatoki ardhini wala kwenye mbegu, yameundwa maabara na wataalamu kwa ajili ya mashine ndogondogo, na ya jamii hiyo ndiyo yanayolainisha mpaka mitambo inayozunguka huko angani. Baridi haiyagandishi. Tone moja linakaa miaka.

"Angani mmeshafika," nikamwambia, "Mgeta ndiyo mbali."

Alicheka. Mimi sikucheka.

Juu ya shamba langu kuna kipima mvua cha mradi, kisanduku chenye gia ndogo kama mbegu za kabichi. Mvua ikipita alama, gia husukuma swichi, king'ora kinalia bondeni, watu wanatoka kabla udongo haujashuka. Mlinzi wake ni mimi. Aprili iliyopita mvua ilipita alama na king'ora kikakaa kimya. Udongo ulimkuta mke wangu Cecilia kijitoni, anaosha karoti. Wakubwa walikuja na miavuli, wakasema ni kazi ya Mungu, wakapiga picha, wakaondoka. Kazi ya Mungu! Mungu ndiye mwenye ofisi?

Sasa wamewatangazia watu warudi bondeni, mashine itakuwa nzima. Binti yangu Irene amewaamini. Alikuwa amesimama pale pale na jembe lake, kesho ahamie huko na wanawe wawili.

"Kizibo kimeshafunguliwa hiki," nikasema. "Nusu mmempa nani?"

"Nimeanzia kituo cha juu, mzee."

"Mh."

"Baba, mwache afanye kazi," Irene akasema.

"Mama yako naye aliwaacha wafanye kazi."

Tukapanda wote watatu hadi kwenye kipima. Godlisten akafungua kisanduku, akachungulia kwenye tundu la kutilia mafuta, kisha akashika kalamu. "Swali moja kabla sijadondosha. Humu hamna mafuta mengine, zaidi ya yale tuliyowapa? Haya hayapatani na mengine. Yakichanganyika yanaweza kufanya utando, gia zikakwama tena. Kama yapo, lazima nifungue zote nizioshe."

Nikaitazama ile karatasi. Chini palikuwa na mstari mtupu unasubiri. Nikajua ninatafutwa.

Maana yalikuwepo. Kichupa chao cha kwanza kiliisha Agosti ya mwaka jana. Nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji mara tatu, kila mara jibu ni wanashughulikia. Gia zikaanza kulia kama vifaranga. Huku kwetu kitu kikilia kinatiwa mafuta, iwe bawaba, baiskeli au kufuli la kanisa. Basi nikatia alizeti ya jikoni, kwa unyoya wa kuku, kila Jumamosi, miezi minane, mpaka Aprili ile.

Nikikubali, wataandika mzee wa Mgeta kaua mke wake, wao walale usingizi.

"Hamna," nikasema.

Godlisten akachovya sindano. Tone likaning'inia nchani, jeupe kama chozi. Irene akaweka jembe begani. "Basi mimi nakwenda kufungasha vyombo."

Sindano ilikuwa imeshafika tunduni.

"Subiri," nikasema. "Kuna alizeti."

Akarudisha mkono polepole. "Aliyeweka nani?"

"Mimi. Na uandike ofisi ilikaa miezi minane bila kuleta mafuta. Hilo ndilo litangulie."

Akaandika. Mimi kusoma kwangu ni jina langu tu, nikampa Irene. Akasoma: "Mlinzi alitia mafuta ya kupikia kwenye kifaa."

"Na miezi minane?"

"Haipo, baba."

"Nafasi ni ndogo, mzee," Godlisten akasema, anaangalia viatu vyake.

"Geuza. Nyuma ni peupe."

Akageuza, akaandika. Irene akasoma tena, ikawepo, na Agosti ikawepo, na mtendaji. Nikamwambia apige picha kwa simu pande zote mbili, maana najua watu hawa, wakitoa nakala watatoa upande mmoja. Ndipo nikaandika Dominiko.

Gia zikafunguliwa moja moja, zikatiwa kwenye spiriti. Zilikuwa zimeshikwa na kitu cha njano, kigumu kama gundi, kinanuka jikoni. Godlisten akasema mpaka jioni zitakuwa safi, halafu king'ora kijaribiwe kwa maji wiki nzima, kabla ya hapo asihamie mtu. Hakunitazama.

Irene ndiye aliyenitazama.

"Mama alijua?"

"Yeye ndiye aliyekuwa ananimiminia."

Alishusha jembe, akaketi kwenye majani, akachukua mswaki wa kazi wa Godlisten, akaanza kusugua gia ya kwanza huku amenipa mgongo.