Mboni Yangu Haitoshi

Jana usiku niliota niko kliniki ya macho, uso nimeutumbukiza kwenye bakuli jeupe kubwa, kama la kukandia unga wa maandazi ya harusi. Lazima nipimwe. Macho yangu yakionekana yanaliwa na giza pembeni, kama ya marehemu baba, leseni ya lori ndiyo basi.

"Tazama katikati," bakuli linasema. "Ukiona kinukta cha taa pembeni, bonyeza."

Nabonyeza. Nabonyeza tena, sijaona kitu, ila nataka nifaulu.

"We baba, hapo umebonyeza hewa."

"Samahani, bakuli."

"Pembeni kote giza. Lakini nisikuhukumu bure. Mboni yako ndogo, mwanga hauingii."

Hapo nikakasirika. Mboni yangu ni mke wangu, Mwanahawa. Namwita hivyo tangu tuoane.

"Ndogo? Yule akikaa kwenye kochi, mie nanyanyuka!"

"Mtazame basi."

Nageuka. Mwanahawa yuko kwenye benchi, kimo cha birika. Ananywea, anazidi kuwa mdogo. Kila akinywea, giza linameza dirisha, linameza mlango, na benchi sasa liko katikati ya barabara ya Chalinze. Lori langu linakuja, halina dereva.

"Mume wangu," anasema kwa kasauti ka mbu, "utakaa unabonyeza tu?"

"Mpanue!" bakuli linafoka. "Tone la dawa, mngoje nusu saa, ndipo tupime."

"Nusu saa? Lori si hilo hapo!"

"Litasubiri. Utaratibu ni utaratibu."

Lori likasimama, likazima injini, likawasha taa za hazadi.

Namdondoshea Mwanahawa tone utosini. Hakuna kitu. Naongeza la pili. Anaumuka taratibu kama andazi kwenye mafuta, na giza linarudi nyuma. Vinukta vinawaka huku, vinawaka kule, hadi ukingoni kabisa. Nabonyeza vyote, safari hii kwa haki.

"Macho mazima," bakuli linasema. "Ila dawa umezidisha."

Nikaamka. Miadi yenyewe ya kupimwa ni leo asubuhi.

Mwanahawa yuko mbele ya kioo, anavuta kanga yake chini. Jana ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Leo imeishia magotini.

"Mbona kanga imerudi hivi? Umeifua na maji ya moto?"

"Sijaigusa, mboni yangu," nikamwambia. "Vaa viatu. Kliniki tunaenda wote."